Kung'arisha bakuli la mbao kwa gurudumu la kitambaa: anza na mota

Maelekezo mengi ya kung'arisha mabakuli ya mbao yameandikwa na mafundi wa Marekani, na karibu yote yanataja namba moja: mizunguko 1,725 kwa dakika. Ukizunguka Mwanza nzima na namba hiyo hutapata mota yake. Umeme wao ni wa hezi 60, wetu ni wa hezi 50. Mota ya poli nne, yaani yenye ncha nne za sumaku ndani yake, ambayo kwao inakwenda 1,725, kwetu inakwenda kati ya 1,400 na 1,450. Ya poli mbili, ambayo kwao ni 3,450, kwetu ni kama 2,850. Namba hizo mbili ndizo zitakazoamua kama bakuli lako litatoka linang'aa au litaruka na kupasuka ukutani, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mota. Wengi huanza kwa kununua magurudumu na dawa za kung'arishia, kisha wakatafuta kitu cha kuyazungusha, chochote kile. Huko ni kuanzia mkiani.

Ninachukulia kwamba kukereza unajua tayari. Bakuli umelitoa kwenye mashine, umelipiga msasa, na sasa unataka ule mng'ao laini unaomfanya mgeni anayepita Capri Point hapa mjini alishike mara mbili kabla ya kuuliza bei. Mng'ao huo hautoki kwenye vanishi nene. Unatoka kwenye uso uliokatwa laini hatua kwa hatua, ukamaliziwa na nta nyembamba sana.

Hatua ya 1: Lipime bakuli na ulikague

Chukua bakuli kubwa kuliko yote unayotarajia kutengeneza. Lishike kwa mikono miwili na ulizungushe hewani pande zote, chini, ubavuni na mdomoni, kana kwamba gurudumu liko mbele yako. Nafasi yote ambayo bakuli na viwiko vyako vimepita lazima iwe tupu kwenye mashine utakayojenga. Bakuli la sentimita 30 linakula nafasi kubwa kuliko unavyodhani, na likigonga kitako cha mota wakati gurudumu linazunguka, linabadilika uelekeo ghafla na kukuponyoka.

Kisha kagua umbo lake. Bakuli lenye mdomo mviringo uliofungwa vizuri ni salama. Lililoachiwa gamba la mti mdomoni, lenye matundu, lenye ufa, au lenye pembe nne zinazochomoza, hilo lina sehemu nyingi za kunasa kitambaa. La namna hiyo malizia kwa mkono, hata kama mashine ipo. Kwa maoni yangu hilo si jambo la ustadi. Fundi mwenye miaka mingi kazini hana mkono wa haraka kuliko gurudumu.

Hatua ya 2: Soma kibati cha mota

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea.

Kijana mmoja jirani yangu hapa Nyakato alikuja karakana amebeba mota begani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hiyo umeitoa wapi?"

"Ya pampu ya maji. Mzee aliiuza kwa bei ya chuma chakavu, nikaipeleka kwa fundi wa kuwainda, sasa inanguruma vizuri. Nataka kuiwekea gurudumu la inchi nane."

Tulifuta kibati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi maandishi yakaonekana: 230 V, 50 Hz, 0.75 kW, 2850 r/min. Nikamwambia mota ni nzima na pesa yake haijapotea, ila gurudumu la inchi nane haliingii moja kwa moja kwenye shafti ile.

Hesabu yake ni hii. Gurudumu la inchi 8 lina kipenyo cha kama sentimita 20, kwa hiyo kila mzunguko ukingo wake unapita sentimita 63. Kwa mizunguko 1,440 ukingo huo unakimbia kilomita 54 hivi kwa saa, mwendo wa daladala iliyopata nafasi Barabara ya Makongoro. Kwa mizunguko 2,850 unakimbia kilomita 107 kwa saa. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nguvu ya kulirusha bakuli imeongezeka karibu mara nne, na joto pia linapanda kiasi cha kuichemsha nta na kuivuruga badala ya kuitandaza. Wanaong'arisha vyuma wanaupenda mwendo huo. Mbao haiuhitaji.

Kwa hiyo kwenye kibati tafuta mambo matatu. La kwanza, mizunguko: 1,400 hadi 1,450. La pili, nguvu: nusu hospawa, yaani 0.37 kW, inatosha kwa gurudumu moja la inchi nane. Ukiwa na 0.55 kW unafanya kazi bila mota kulemewa. Usihangaike na mota kubwa za mashine za kusaga. Kwanza zinataka umeme wa fezi tatu, halafu bakuli likinasa mota hiyo haisimami wala haipungui mwendo, inavunja tu. Mota ndogo inayolegea ukikandamiza sana ni rafiki yako, inakuambia umezidisha. La tatu ni kipenyo cha shafti: pima mwenyewe kwa kipimo cha vania. Mota nyingi za 0.37 kW za poli nne zina shafti ya milimita 14, na za 0.55 kW milimita 19. Utahitaji namba hiyo ukienda kuchongesha kiunganishi cha kufungia gurudumu au puli.

Na kama tayari unayo mota ya pampu kama ya yule kijana? Usiiuze. Tumia puli: ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye shafti nyingine inayobeba gurudumu. Mizunguko 2,850 inagawanyika kwa mbili na kuwa 1,425. Ndicho alichofanya, na kwa kweli mashine yake imetoka nzuri kuliko ya wengi walionunua mota mpya, kwa sababu nitakayoeleza sasa.

Hatua ya 3: Amua gurudumu litakaa wapi

Zipo njia nne hivi, na hazilingani.

Njia ya kwanza ni kutumia mashine yenyewe ya kukereza. Unatengenezewa shafti fupi inayofungwa kwenye uzi wa kichwa cha mashine, mwisho wake una bolti na washa pana za kubana gurudumu. Faida yake ni kwamba hununui mota, na kama mashine yako ina mwendo wa kubadilisha, bakuli kubwa unalipunguzia hadi 1,000 au chini ya hapo. Kasoro ni kwamba kitanda cha chuma kiko chini kabisa ya gurudumu, mahali hasa ambapo bakuli likiponyoka litaangukia. Kifunike kwa sponji ya godoro kuukuu iliyofungwa kwa mipira ya ndani ya baiskeli, na uondoe kabisa kile kiegemeo cha patasi. Jambo jingine: ukitengenezewa shafti ya koni, ile inayochomekwa tu kichwani kwa msuguano, lazima ivutwe kwa nyuma na bolti ndefu inayopita ndani ya kichwa, au ishikiliwe na mkia wa mashine upande wa pili. Koni isiyovutwa hulegea kidogo kidogo kwa mtikisiko, kisha hutoka yote na gurudumu lake. Shafti ya uzi haina shida hiyo, nami ningechagua hiyo.

Njia ya pili ni shafti ya pembeni yenye beringi zake, inayoendeshwa kwa mkanda. Hii ndiyo ya yule kijana. Beringi mbili za kisimamo aina ya UCP 204 hubeba shafti ya milimita 20, na hupatikana karibu kila duka la vipuri vya mashine za kusaga. Mota inakaa chini ya meza, mkanda wa V unapanda juu, na shafti inachomoza upande mmoja kwa sentimita 15 hadi 20. Mbele ya gurudumu hakuna kitako cha mota, hakuna kitanda, hakuna kitu. Bakuli la sentimita 35 linageuka litakavyo. Mafundi wa karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato, au yeyote mwenye mashine ya kukereza chuma, anaweza kukuchongea shafti na uzi wake kwa mchana mmoja. Ukiweza hii, fanya hii. Mkanda ufunikie kwa bati, usisubiri shati lako likukumbushe.

Usiichomoze shafti zaidi ya hapo. Ikiwa ndefu mno inaanza kupepesuka, na gurudumu zito mwishoni huongeza mpepesuko. Kama lazima iwe ndefu, ongeza unene.

Njia ya tatu ni grinda ya mezani. Watu wanaipenda kwa sababu iko tayari: unatoa mawe, unaweka vitambaa. Lakini nyingi ni za poli mbili, shafti zake ni fupi, na tumbo la mota limekaa katikati ya magurudumu mawili, kwa hiyo bakuli lolote linalozidi kiganja linagonga. Kwa vijiko, vishikio na vibakuli vya chumvi inafaa, tena kwa gurudumu lisilozidi inchi 6. Kwa mabakuli ya kweli, hapana.

Njia ya nne ni kupanga magurudumu matatu kwenye shafti moja ndefu kati ya kichwa na mkia wa mashine, ili usibadilishe kila hatua. Inaokoa muda kwa vitu vidogo vyembamba. Kwa bakuli ni adha: unang'arisha kwa gurudumu la kati huku mdomo wa bakuli unalamba dawa kutoka gurudumu la jirani.

Upande wa gurudumu na uelekeo wa uzi navyo ni muhimu. Ukisimama mbele ya mashine, juu ya gurudumu lazima kuje kwako na ukingo wa mbele ushuke chini. Kwa uelekeo huo, nati iliyo upande wako wa kulia hutumia uzi wa kawaida na inajikaza yenyewe. Ya upande wa kushoto ingehitaji uzi wa kinyume, kama ilivyo kwenye grinda. Kwa hiyo chomoza shafti upande wa kulia tu na utaepuka kuchongesha uzi wa kinyume.

Hatua ya 4: Magurudumu

Unahitaji matatu, na kila moja linabaki na kazi yake maisha yake yote. La kwanza ni gumu kidogo, la kitani au pamba nzito iliyoshonwa. Hili ndilo linalokata. La pili ni la mchanganyiko au pamba laini zaidi. La tatu ni la flaneli au pamba laini isiyoshonwa isipokuwa katikati. Hili ni la nta peke yake. Yote inchi 8.

Ya kununua huagizwa, na yakifika ni mazuri. Lakini tuko kwenye nchi ya pamba, na sioni sababu ya mtu wa Usukuma kushindwa kutengeneza gurudumu la kitambaa. Nunua kitambaa cha marekani, kile cha pamba tupu kisichotiwa rangi. Kifue kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke, kikauke. Kata duara za sentimita 20, tabaka kama 40 hadi 50, hadi ukizibana kwa mkono upate unene wa sentimita 2 hivi. Kila duara ligeuze kidogo kabla ya kuliweka juu ya jingine ili nyuzi zisielekee upande mmoja, la sivyo gurudumu litakuwa na kona nne baada ya wiki. Hakuna cherehani itakayopita tabaka 50 kwa pamoja. Mwambie fundi cherehani ashone mafungu ya tabaka nane au kumi. La kukata lishonwe mizunguko kadhaa kuanzia katikati kwenda nje, ukiacha sentimita 3 za mwisho huru. La nta lishonwe mzunguko mmoja tu karibu na tundu. Kisha funga mafungu pamoja kwenye shafti kwa washa mbili pana, kipenyo cha sentimita 7 au 8, zenye kingo zilizosagwa laini.

Usitumie kitambaa chenye nailoni au poliesta. Kinayeyuka kwa msuguano na kuacha mistari myeusi kwenye mbao, na mistari hiyo haitoki ila kwa msasa.

Gurudumu jipya, la dukani au la kwako, linatoa nyuzi kama manyoya. Liendeshe dakika chache huku umeligusisha ukingo wa kipande cha mbao ngumu, simamisha, kata nyuzi ndefu kwa mkasi, rudia. Ukilipeleka kwenye bakuli kabla ya hapo, nyuzi zitajisokota kwenye dawa na kuacha alama.

Hatua ya 5: Dawa ya kukata, dawa ya kulainisha, nta

Utaratibu unaotumika sana duniani ni wa hatua tatu. Kwanza mche wa dawa, mgumu kama mche wa sabuni, wa kahawia uitwao tripoli, ambao hukata mikwaruzo midogo. Pili mche mweupe, laini zaidi, ambao huondoa utusitusi ulioachwa na wa kwanza. Tatu nta ya kanauba, inayotoka kwenye majani ya mti mmoja wa Brazili wa jamii ya minazi na ndiyo ngumu kuliko nta nyingi za asili. Huyeyuka ikifika nyuzi joto 80 na kitu, ndiyo maana huwezi kuipaka kwa kidole. Joto la gurudumu ndilo linaloiyeyusha na kuitandaza.

Kanuni ya rangi ni muhimu kuliko wengi wanavyofikiri. Nilionyeshwa bakuli la mfenesi kutoka Ukerewe, mti wenye njano nzuri ya dhahabu. Aliyeling'arisha alianza na mche wa kahawia. Ukilitazama kwa mbali linang'aa, ukilisogeza dirishani unaona kila kitundu cha mbao kwenye ile sehemu ya kichwa cha nyuzi, pale nyuzi zilipokatwa mkingamo, kimejaa dawa ya kahawia, kana kwamba limenyunyiziwa kahawa ya unga. Dawa ile haifutiki. Mbao za rangi nyepesi, mfenesi, msonobari, mwembe usio na michirizi, ruka mche wa kahawia uanze na mweupe, hata kama utalazimika kupiga msasa namba moja zaidi. Mbao nyekundu na za kahawia zenye vitundu vikubwa, kama mninga na mkongo, ni kinyume: kahawia haionekani, lakini mweupe ukizidi unabaki kama vumbi la chaki ndani ya vitundu. Hapo tumia mweupe kidogo sana, au ziba vitundu kwanza kwa sila. Mpingo ni mzito, vitundu vyake ni vidogo, na ukiufikisha msasa wa 600 unaweza kwenda moja kwa moja kwenye mweupe na nta.

Mwanza ni mji wa dhahabu, na maduka ya vifaa vya masonara yana miche ya kung'arishia ya kila rangi. Mweupe unaweza kukufaa. Mwekundu, ule wa kumalizia dhahabu, ni unga wa kutu ya chuma. Ukigusa mbao umeipaka rangi. Wa kijani na mweusi ni vya chuma. Viache hukohuko.

Kanauba ikikosekana, nta ya nyuki ipo na ya Tabora haina shida, lakini peke yake ni laini: huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kidogo, hushika alama za vidole na hukusanya vumbi. Ichanganye na kanauba ukiweza kupata hata kipande kidogo. Usipoweza, paka nyembamba kabisa na umwambie mteja ukweli.

Hatua ya 6: Kabla ya kuwasha

Gurudumu halirekebishi msasa mbovu. Linauanika. Mkwaruzo ambao haukuuona kwenye mbao kavu utaonekana kama kovu baada ya tripoli. Fika msasa wa 320 kwa uchache, 400 ni bora, na kila namba ifute kabisa alama za namba iliyotangulia. Mvule una tabia yake hapa: ndani yake huwa na vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyong'oka na kukwaruza. Ukikiona, kitoe kwa ncha ya kisu kabla ya msasa wa mwisho.

Kama umepaka mafuta ya kukauka, ya linsidi kwa mfano, yasubiri. Hapa ziwani, wakati wa masika hewa ina unyevu na wiki mbili zinaweza zisitoshe. Nusa bakuli: likiwa bado linanuka mafuta, halijakauka, na gurudumu litayavuruga kuwa utando mzito kama gundi. Laka hukauka haraka lakini ni utando mwembamba. Kwenye ukingo wa mdomo gurudumu huuchoma na kufika kwenye mbao kwa sekunde chache. Na vitambaa ulivyopakia mafuta ya linsidi usivifinyange ukavitupa kwenye pipa la vumbi. Hujipasha joto vyenyewe na kuwaka. Vianike vimetandazwa nje hadi vikauke.

Mavazi: ngao ya uso inayofunika hadi kidevu, barakoa nzuri kwa sababu tripoli ni vumbi la silika linalodhuru mapafu, na vumbi la mvule na la mninga nalo huwashia watu wengi kifua na ngozi. Mikono ya shati ifungwe au ikatwe. Ushungi uingizwe ndani ya koti, mkufu na saa vivuliwe. Glovu, hapana kabisa. Gurudumu likiikamata glovu linaondoka na mkono. Chini ya gurudumu tandika godoro la sponji, na ukutani nyuma yake egemeza jingine. Swichi iwe mahali unapoweza kuigusa kwa goti au mguu, maana mikono yote miwili itakuwa kwenye bakuli.

Hatua ya 7: Kung'arisha kwa nje

Washa. Gusisha mche kwenye gurudumu kwa sekunde moja au mbili tu. Wengi wanapaka kama wanapaka siagi kwenye mkate, kisha wanashangaa bakuli limejaa michirizi. Ukiona madoa meusi yanayong'ang'ania juu ya mbao, dawa imezidi. Endelea kung'arisha palepale bila kuongeza na gurudumu litayanyonya lenyewe.

Shika bakuli kwa mikono miwili, vidole nyuma, mbali na ukingo. Ligusishe kwenye robo ya chini ya gurudumu iliyo upande wako, chini ya mstari wa katikati. Hapo kitambaa kinashuka na kuondoka, kwa hiyo likinasa linasukumwa chini kwenye godoro. Ukipandisha juu ya katikati, likinasa linarudi kifuani kwako.

Mdomo wa bakuli ndio mahali pa hatari. Siku zote kitambaa kitoke kwenye mdomo kuelekea hewani, kisiingie kutoka hewani kuja mdomoni. Maana yake ni kwamba unang'arisha nusu ya bakuli hadi ukingoni, unaligeuza, kisha unafanya nusu nyingine kutoka upande wa pili. Usijaribu kuvuka ukingo kwa mkupuo mmoja.

Usikandamize. Uzito wa bakuli na wa mikono unatosha. Lisogeze muda wote. Ukisimama sehemu moja, mbao laini kati ya miaka ya mti inalika na ile ngumu inabaki imeinuka, na mwanga wa jioni utakuonyesha mawimbi. Baada ya tripoli, futa bakuli lote kwa kitambaa safi kabla ya kubadilisha gurudumu, la sivyo unaipeleka dawa ya kwanza kwenye gurudumu la pili. Baada ya mweupe, futa tena. Nta ikifika, pita mara moja haraka, acha lipoe dakika kadhaa, pita mara ya pili bila kuongeza nta.

Kagua kwa mwanga wa pembeni, mlangoni au dirishani. Taa ya juu inaficha karibu kila kasoro.

Hatua ya 8: Ndani ya bakuli

Gurudumu la inchi nane haliingii ndani ya bakuli, na anayelilazimisha anakwaruza mdomo kwa washa. Kuna magurudumu ya kuba, yenye umbo la nusu tufe, kipenyo cha inchi 2, 3 na 4, ambayo hufungwa mwisho wa shafti yakitazama pembeni, na wewe unasimama upande huo ukiliingiza bakuli juu yake. Nati yake imezama ndani kabisa ya kitambaa. Yakiwa ya kutengenezwa nyumbani hakikisha jambo hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kwa kuwa ni madogo, ukingo wake unakwenda polepole hata kwenye mizunguko ileile, na hilo ni sawa. Chagua kuba lenye duara dogo kuliko duara la ndani ya bakuli lako, vinginevyo litagusa ukingo na kuruka kitako.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuyaacha makuba kwa sasa. Ng'arisha ndani bakuli likiwa bado kwenye mashine ya kukereza, kabla ya kuligeuza na kumaliza kitako: paka dawa au nta laini kwa kipande cha karatasi ya jikoni, mashine ikiwa polepole, upande wa chini wa mzunguko. Karatasi ikinaswa inachanika. Kitambaa kikinaswa hakichaniki, na kama umekizungushia kidole kinaondoka nacho. Bakuli lenye mdomo mwembamba na tumbo pana usilipeleke kwenye kuba lolote. Njia ya karatasi inalitosha.

Bakuli la chakula ni jambo jingine. La matunda au karanga, nta haina tatizo. La mboga na mchuzi wa moto, mng'ao wa nta utaondoka baada ya kuoshwa mara chache, na vitundu visafishwe vyema visibaki na dawa ya kukata. Kwa hilo mimi huishia kwenye msasa wa 400 na mafuta, nikaacha magurudumu yapumzike.

Hatua ya 9: Utunzaji

Andika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kila gurudumu: KAHAWIA, NYEUPE, NTA. Kila moja liwe na mfuko wake wa plastiki uliofungwa, maana punje moja ya msasa iliyoangukia gurudumu la nta itachora kila bakuli utakalofanya mwezi huo bila wewe kujua inatoka wapi. Gurudumu likiwa gumu na linang'aa kama ngozi, dawa imejaa: simamisha mota, likwangue kwa brashi ya waya au kipande cha msumeno wa chuma likiwa linazungushwa kwa mkono, kisha lipige tena kwenye mbao chakavu. La nta halikwanguliwi sana, linakatwa nyuzi tu.

Beringi zipige grisi, mkanda ukaze kila unapousikia unalia, na kila asubuhi kabla ya kuwasha shika gurudumu ulitikise. Kama linacheza, kwanza angalia nati, kisha skrubu za beringi, na mwisho kabisa ndipo uilaumu shafti.